Barnevernet (huduma ya ulinzi wa watoto ya Norwe) na familia ya Kiswahili: naweza kumtumia binti yao kutafsiri?

Afisa_Ustawi
Habari wakuu. Niko Norwe, natathmini familia kutoka Kivu Kusini, Kongo (DRC). Binti wa miaka 12 anajua Kinorwe vizuri. Ziara ya kwanza tu, atafsiri?

Mkalimani_Huru
Hapana. Sheria ya ukalimani iliyoanza 2022 inakataza kutumia watoto, labda iwe dharura. Tena yeye ndiye anayetathminiwa. Maneno makali ya baba atayalainisha. Tafuta kwenye rejista ya taifa ya wakalimani, anzia ngazi A, ya juu kabisa. Uliza Kiswahili cha wapi: cha Bukavu kimejaa Kifaransa, mtu wa Zanzibar anaweza kupotea. Wengine nyumbani wanaongea Kinyamulenge au Kibembe, kwa hiyo usikisie. Jamii ni ndogo, kwa hiyo chukua mkalimani wa mji mwingine, kwa simu, bila kutaja jina la familia.

Bi_Tathmini
Makosa makubwa yako kwenye saa na undugu. "Analala saa tatu usiku" ni saa 21:00. Ikitafsiriwa neno kwa neno inakuwa saa 03:00, na wazazi wanaandikiwa uzembe. "Mama mdogo" kwa kawaida ni mdogo wake mama, si mama wa kambo. Chora nao ukoo kwenye karatasi, mmoja mmoja, nani kazaa nani. "Kumrudi" mtoto nalo ni kumwadhibu: uliza kwa kitu gani, mara ngapi. Kipigo chochote ni marufuku huko tangu 1987.

Mkalimani_Huru
Na mahojiano ya saa moja yatengee mbili. Muda wa uchunguzi ni miezi 3, hautakusubiri.