Ulikuwa wapi uliposikia O.J. Simpson amefariki, na moyoni ulisikia nini? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Los Angeles

Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo nimekaa nalo tangu Aprili 2024, leo naliweka hapa. Naomba tusibishane kama aliua au hakuua. Watu wameubishania huo mjadala miaka 30. Ninachotaka ni kila mmoja aeleze kilichompata yeye habari ilipomfikia.

Naanza mimi. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, tarehe 11. Familia yake ilitoa taarifa kwamba amefariki jana yake kwa saratani, akiwa na miaka 76, watoto na wajukuu wakiwa naye. Nilikuwa jikoni na simu mkononi. Nikasema kwa sauti, "O.J. kafa." Binti yangu wa miaka 17 akauliza ni nani huyo. Nikamweleza: nyota wa mpira wa Kimarekani, baadaye mwigizaji, mwaka 1994 akashtakiwa kumuua mtalaka wake na kijana mmoja, akaachiwa huru. Akauliza, "Waliitwa nani?" Nicole nikamtaja. La yule kijana halikuja. Nimesimama pale, kijiko kiko kwenye kikombe, natafuta jina la marehemu na silipati, wakati majina ya mawakili yote ninayo.

Mwaka 1995 nilikuwa mwanafunzi hapa hapa. Tarehe 3 Oktoba, Jumanne, saa nne asubuhi, tulijazana kwenye kantini ya chuo chini ya runinga moja iliyofungwa juu kwenye kona. Karani wa mahakama alipolisoma lile neno la kumwachia huru, sisi weusi tuliruka. Mimi niliruka, nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Kugeuka, namwona msichana mzungu wa darasa letu la hesabu, trei kaishika kwa mikono miwili, hajaiweka mezani, machozi yanamtoka. Tulikuwa tunakaa dawati kwa dawati. Wiki nzima hatukusemeshana.

Yule kijana ni Ron Goldman. Alikuwa na miaka 25, mhudumu wa mgahawa. Mama yake Nicole alikuwa amesahau miwani yake pale, Ron alipomaliza kazi akaenda kuirudisha nyumbani kwa Nicole, wakauawa pale wote wawili. Yote haya mwaka ule nilikuwa nayajua. Je, ni mimi peke yangu niliyesahau?

Mama, Houston

Kaka, kwangu ilikuwa kinyume. Nicole sijamsahau hata siku moja.

Tarehe 17 Juni 1994 hapa Houston tulikuwa tunaangalia fainali ya mpira wa kikapu, Rockets na Knicks. Mara mchezo ukasukumwa kwenye kijisanduku kidogo pembeni, gari jeupe aina ya Ford Bronco, O.J. akiwa ndani, likajaa kwenye kioo, polisi wanalifuata taratibu kama msafara wa maziko. Inakadiriwa watu milioni 95 waliangalia. Wengine walisimama juu ya madaraja wakimpungia. Mwanamume niliyeolewa naye wakati ule alikaa mbele ya runinga akimlilia O.J. machozi ya kweli, na mimi mkono wangu alikuwa ameukunja juzi yake.

Siku chache baadaye wakarusha simu aliyopiga Nicole polisi Oktoba 1993. Nilikuwa nakunja nguo za mtoto. Anaongea na mpokea simu, nyuma yake unasikia mwanamume anafoka. Nikakaa sakafuni. Kufoka nilikuwa nimekuzoea. Kilichoniangusha ni namna Nicole alivyojitahidi kuongea kwa upole, anachagua maneno, asije akamchochea zaidi. Ile sauti huifundishwi na mtu. Unaipata ukishaishi hivyo.

Na halikuwa jambo la siri. Mkesha wa mwaka mpya wa 1989 polisi walienda nyumbani kwao, Nicole akatokea vichakani amepigwa. Mume hakupinga shtaka mahakamani, na hakufungwa hata siku moja.

Mimi niliondoka Februari 1996. Mwezi ule ule ilikuwa imefunguliwa namba ya simu ya taifa ya kusaidia wanaopigwa majumbani, nikaiandika ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, ukurasa wa chanjo, mahali ambapo yeye hakuwahi kufungua. Watu husema sheria ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili ililetwa na kesi hii. Muswada ulikuwa bungeni tangu 1990. Clinton aliutia saini Septemba 1994, miezi 3 baada ya mauaji. Lakini kusikia mambo ya chumbani kwangu yanazungumzwa kwenye runinga saa ya taarifa ya habari, hilo kabla ya Nicole mimi sikuliona.

Siku aliyokufa redio ilitangaza nikiwa barabarani. Nikaegesha. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Nilisikia uchovu, kama mtu aliyetua ndoo na shingo bado inauma. Kilichoniumiza ni kuona watu ninaowaheshimu wanaandika "pumzika kwa amani, shujaa wetu".

Dereva, Inglewood

Dada yangu, pole sana. Mimi ni mmoja wa walioandika hivyo. Nimerudi sasa hivi nikafuta. Ila niruhusu nieleze nilikotoka, maana sikuandika kwa kumchukia Nicole.

Nilifika Los Angeles mwaka 1990. Machi 1991 polisi wakampiga Rodney King, dereva mweusi, dunia nzima ikaona kwenye video. Siku 13 baadaye Latasha Harlins, binti mweusi wa miaka 15, akapigwa risasi kichwani na mwenye duka kwa ajili ya chupa ya juisi. Baraza la mahakama likasema mama yule ana hatia, hakimu hakumpa kifungo. Aprili 1992 wale polisi wa Rodney King wakashinda kesi yao, mji ukawaka. Nilikuwa naendesha teksi. Usiku mmoja askari wawili wakanisimamisha, wakanipigisha magoti kwenye lami, mikono kisogoni, tochi usoni, abiria wangu mzee wa watu ananitazama dirishani. Walikuwa wanatafuta mtu mwingine. Hawakuomba radhi. Goti la kulia mpaka leo likiguswa na baridi nawakumbuka.

Sasa mtu wa namna hiyo akimsikia Mark Fuhrman, mpelelezi wa polisi kwenye kesi ya O.J., anaapa kwamba miaka 10 hajatamka lile tusi la kutudhalilisha sisi weusi, halafu kanda zinachezwa sauti yake ikilitamka tena na tena, unategemea afanye nini? Baadaye alishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo, hakupinga. Mimi siku ya hukumu sikumshangilia O.J. Nilimshangilia Johnnie Cochran, wakili wake mweusi. O.J. mwenyewe alikuwa anaishi Brentwood, mtaa wa matajiri, na huku kwetu hatukumwona akija kutusemea hata wakati mji unaungua. Hilo tulilijua na bado tuliruka.

Siku ya kifo nilikuwa kwa kinyozi. Wazee wanne, wote tuliruka mwaka 1995. Kinyozi akazima mashine, akasikiliza, akawasha tena. Hakuna aliyesema kitu. Nikaandika yale maneno kwenye simu kwa sababu niliona kama mtu lazima aseme chochote. Nisamehe.

Kijana, Dallas

Mimi 1995 sikuwa nimezaliwa. Nilimjua kupitia jina la Kardashian, wale dada maarufu wa runingani, kwamba baba yao Robert alikuwa rafiki yake na alikaa upande wa mawakili wake. Siku ile mtandaoni ilikuwa vichekesho mtindo mmoja: glavu aliyojaribishwa mahakamani ikambana, Bronco, glavu tena. Nikachukua vitatu vinne nikatupia kwenye kundi la familia. Shangazi yangu akajibu: "Huyo mama alikuwa na watoto wawili wamelala ghorofani." Hakuongeza kitu. Nilivifuta lakini wote walishaviona.

Mkalimani, Minneapolis

Nafanya ukalimani wa Kiswahili mahakamani, kwa hiyo mwaka ule habari ya kifo ilipotoka mimi kilichonikaba ni lugha.

Vichwa vya habari vya Kiswahili vingi viliandika "alionekana hana hatia". Shangazi yangu akanipigia: "Kumbe walisema hakuua?" Hapana. Kwa Kiswahili ukisema mtu hana hatia umemsafisha, umesema hajafanya. Mahakama ya jinai ya hapa haiulizwi hivyo. Inaulizwa: je, upande wa mashtaka umethibitisha bila kuacha shaka la maana? Wale wajumbe 12 walikaa kwenye kesi hiyo zaidi ya miezi minane wametengwa na familia zao, wakajadiliana chini ya saa nne, wakasema hapana. Basi. Neno lenyewe lina maana ya "hatia haikuthibitishwa". Tofauti hiyo nimeibeba mdomoni miaka 14, na kila mara naona uso wa ndugu wa marehemu unavyobadilika nikiitamka vibaya.

Ndiyo maana mwaka 1997 ikawezekana mahakama ya madai, Santa Monica, kumwona anawajibika kwa vifo vile vile na kuamuru alipe dola milioni 33.5. Kule kipimo ni kingine: upande upi una uzito zaidi, hata kidogo. Sehemu kubwa ya fedha hizo hazikulipwa mpaka anakufa, kwa kuwa pensheni yake ya mpira ililindwa na sheria. Wengi nimewasikia wakisema alifungwa kwa mauaji. Hakufungwa kwa mauaji. Alifungwa kwa unyang'anyi wa hotelini Las Vegas, na alitiwa hatiani tarehe 3 Oktoba 2008, miaka 13 kamili tangu ile siku mliyoruka. Akatoka Oktoba 2017.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi wanawake wa hapa wana kazi kama sisi." Simu ikakatika, sijui kama alikata yeye.

Mhudumu wa wazee, Buffalo

Nawasalimu wote. Mimi natokea Kongo, nipo Buffalo miaka tisa, nahudumia wazee majumbani. Huku hali ilikuwa nyingine kabisa, kwa sababu huyu mtu alikuwa wao, aliichezea timu ya hapa, Buffalo Bills.

Nilikuwa na mzee mmoja, miaka 84, mzungu, alifanya kazi kiwanda cha chuma. Sebuleni kwake kulikuwa na picha ya O.J. kwenye fremu, jezi namba 32, theluji uwanjani. Mzee alinieleza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: Desemba 1973, mchezo wa mwisho wa msimu dhidi ya Jets kule New York, O.J. akawa mchezaji wa kwanza kukimbia na mpira zaidi ya yadi 2,000 kwa msimu mmoja. Yadi 2,003, michezo 14. Alikuwa akiitaja hiyo 2,003 kama mtu anavyotaja tarehe ya ndoa yake.

Siku ile nilifika saa tatu. Runinga inawaka, sauti kaifunga. Hakunisalimia. Nikampa dawa, nikamwogesha. Nilipokuwa namfunga vifungo vya shati akasema, "Itoe hiyo." Nikauliza itoe nini, akaonyesha kwa kidevu. Nikaishusha. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe, pembe nne, kwingine kote umepauka kwa moshi wa sigara za zamani. Akautazama ule weupe muda mrefu. Akasema mke wake aliomba aishushe tangu 1994, wakagombana kwa hilo, na mke alikufa picha ikiwa ukutani.

Nikamuuliza niitupe? Akasema hapana, weka kwenye droo. Mimi sina la kuhukumu. Nilimshika mkono tu tukaendelea na asubuhi yetu.

Mama, Houston

Mkuu wa Inglewood, nimekusoma mara mbili. Sina kinyongo. Lile goti nalielewa. Mimi na wewe tulikuwa tunaogopa mlango ule ule ukigongwa usiku.

Wa Buffalo, huyo mke wa mzee nimemlilia.

Mwanzisha mada, Los Angeles

Nimesoma zote usiku kucha, asanteni. Siku ile baba yake Ron, Fred Goldman, alisema kifo hicho kwake ni ukumbusho mwingine tu kwamba Ron hayupo. Mimi nilikisoma kama habari. Leo nimekisoma kama mzazi.

Jumapili nilikaa na binti yangu nikamsimulia upya, safari hii nikianzia mgahawani, mama mtu anasahau miwani, kijana anajitolea kuipeleka. Hakuuliza habari za O.J. hata kidogo. Aliuliza kama ile miwani ilimfikia mwenyewe. Nikamwambia hapana, ilikutwa pale chini walipolala, bado ndani ya bahasha.