Mnatuambia tuwahi, tukiwahi mnatuambia tusubiri simu: rufaa ya kliniki ya matiti imekuwa mateso

Wanajamvi, habari za majukumu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika kwa hasira, asiyetaka kusoma apite. Mods naomba msiuunganishe na zile nyuzi za kujikinga na saratani, maana hapa siongelei kujikinga.

Kila Oktoba tunahubiriwa. Redioni, kanisani, msikitini, kwenye mabango ya barabarani: mwanamke jichunguze matiti, ukigusa kitu usichokielewa wahi hospitali, saratani ikiwahiwa inatibika. Sawa. Mimi nimewahi. Nina miaka 43, uvimbe wangu ulionekana kwenye kambi ya uchunguzi bure ukiwa haujafika sentimita mbili. Jioni ileile mahema yakakunjwa, wataalamu wakapanda magari wakaondoka, nikabaki na kikaratasi cha kwenda hospitali ya wilaya. Wilaya wakanisukuma mkoa. Mkoa wamenipiga altrasaundi, wakasema natakiwa kukatwa kinyama kikapimwe, ila daktari wa upasuaji aliyekuwa anafanya kazi hiyo amehamishwa, kwa hiyo niende kanda. Barua ya rufaa ikakaa kusubiri saini. Saini imepatikana, sasa tunasubiri nafasi ya kliniki huko kanda. Lini? "Mama, utapigiwa simu."

Simu haijapigwa. Mwezi ule umeisha, mwingine umeingia. Naenda na simu shambani, naenda nayo bafuni, kila namba nisiyoijua ikiita mikono inatetemeka.

Niwaambie kuhusu hiyo ripoti, kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko uvimbe wenyewe. Chini kabisa imeandikwa BI-RADS 4. Hakuna mtu aliyenieleza maana yake. Nimepewa bahasha, nikaambiwa "hii utampa daktari huko". Nimetafuta mwenyewe usiku wakati watoto wamelala. Ni ngazi wanazotumia wataalamu wa mionzi kusoma picha za titi, zinaanzia 0 hadi 6. Ukiandikiwa 2 kilichoonekana hakina shida, 3 inaelekea hakina shida ila wakufuatilie, 5 inaelekea sana ni saratani, 6 ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa kwa kinyama. Na 4 ni mashaka, ukatwe kinyama ijulikane. Lakini hiyo 4 ni pana mno: inaanzia uwezekano wa asilimia 2 na kuishia asilimia 95! Ndiyo maana huwa wanaigawa 4A, 4B na 4C. Mwenye 4A uwezekano wake hauvuki asilimia 10, mwenye 4C umeshapita 50. Yangu haina herufi. Ni 4 tu, kavu. Yaani huenda mimi ni mzima kabisa, na huenda nina saratani, na karatasi ileile inaniambia yote mawili. Daktari angekaa na mimi dakika tano akaniambia ameona nini kwenye ile picha, ningelala. Dakika tano hazipatikani kweli?

Najua wataalamu ni wachache. Nimewaona pale mkoani wanahudumia watu toka asubuhi mpaka jioni hawajatia kitu mdomoni, na nesi aliyenishika mkono siku ya kipimo Mungu ambariki. Kinachoniuma ni kwamba kipindi hiki cha kusubiri hakina mwenyewe. Ukiwauliza wilaya, wewe ni mgonjwa wa mkoa. Mkoa wanasema faili lako limeshatumwa. Ukipiga kanda, mtu anapokea, anatafuta, anasema jina halipo kwenye mfumo, ongea na waliokutuma. Nani ananihesabu mimi kama mgonjwa wake leo? Hakuna.

Halafu tunasemwa. Kwamba wanawake wa nchi hii tunachelewa, tunaanzia kwa waganga, tunafika hospitali saratani ipo hatua ya tatu au ya nne. Ni kweli wengi wanafika wamechelewa sana. Lakini ulizeni na muda uliopotea kati ya zahanati na kwa bingwa, usiwekwe wote shingoni kwa mwanamke. Tangu habari zangu zisambae mtaani, nyumbani hapakauki wageni. Jirani kaleta chupa ya dawa ya mizizi. Shangazi wa mume wangu kaniapisha nisikubali kisu, eti uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa mwili mzima. Kuna anayenivuta kwenye maombi. Na wote hao wana siku! Mganga anasema njoo Alhamisi. Mchungaji anasema Jumapili ibada ya pili. Hospitali peke yake ndiyo haina siku. Mama asiye na mtu wa kumtia moyo, aliyekaa gizani miezi, mnategemea aende wapi?

(Kwa anayesoma na ana uvimbe: kukatwa kinyama hakuugeuzi uvimbe kuwa saratani, na uvimbe mwingi wa titi ukipimwa unakutwa si saratani. Nenda kapime. Hasira yangu isikurudishe nyuma.)

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021, na moja ya malengo yake ni kwamba tangu mgonjwa afike kituo cha afya mpaka ajue ana nini zisipite siku 60. Siku 60, na humo ndani ni picha, kinyama na majibu ya maabara. Shirika hilohilo linasema mwaka 2022 saratani hii iliua watu 670,000 duniani, na nchi maskini ndizo wanawake wake wanakufa zaidi wakiugua. Mimi siku zangu zinaliwa na saini na simu.

Na kuna jambo sijapata wa kunijibu. Kinyama chenyewe kinachukuliwa kwa sindano nene, unapigwa ganzi hapo titini, hulazwi, kinawekwa kwenye kichupa chenye dawa ya kukihifadhi. Kichupa kinaweza kusafiri. Kwa nini nisafirishwe mimi? Mfundisheni daktari mmoja wa hospitali ya mkoa kutumia hiyo sindano, kichupa kipande basi kwenda maabara ya kanda, majibu yarudi, halafu atakayehitaji bingwa ndiye asafiri. Sasa hivi tunapangwa wote mstari mmoja, wenye saratani na wasio nayo, na mwenye saratani anacheleweshwa na mimi ambaye labda sina.

Gharama sitaziongelea sana maana kila mtu anazijua. Nauli ya watu wawili, pa kufikia, kipimo. Ile kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, tuliyokuwa tunalipia kaya 30,000 kwa mwaka ilikuwa inaishia ngazi ya mkoa, yaani inakuacha palepale unapoanza kuumia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa toka 2023. Tunataka ituvushe hapo.

Walio kwenye foleni kama mimi, niseme yanayonisaidia kubaki na akili timamu. Karatasi zote nimezipiga picha, nimemtumia na mdogo wangu, kwa sababu mafaili yanapotea. Nimeacha kuminyaminya uvimbe kila saa kuangalia kama umekua, niliishia kuliumiza titi bure. Natazama mara moja kwa wiki, basi. Nimemchagua mtu mmoja wa kumlilia, na ni dada yangu, mume wangu nilimwona anaogopa kuliko mimi. Nimejiandikia pia dalili za kunirudisha hospitali hata kama simu haijaja: ngozi ya titi kubonyea au kuwa nyekundu, chuchu kuingia ndani, damu kutoka kwenye chuchu, kinundu kwapani. Ukiona mojawapo usisubiri, nenda kakae mlangoni mpaka uonwe.

Wenye dhamana mnaosoma humu, na tunajua mnasoma: wekeni tarehe kwenye barua ya rufaa. Tarehe ya kliniki, jina la kitengo na namba ya simu inayopokelewa. Hata ikiwa tarehe ya mbali tutalalamika tukiijua. Na anayeandika ripoti ya picha aiweke hiyo herufi, kisha awepo mtu wa kumweleza mgonjwa kabla hajatoka getini.

Sasa swali langu kwenu. Kuna aliyewahi kufunga safari mwenyewe kwenda kliniki ya kanda akiwa na barua ya rufaa mkononi bila kupigiwa simu? Alipokelewa au alirudishwa? Siku ya kliniki ya matiti ni ipi huko, na mtu afike saa ngapi? Kaka yangu anapeleka mzigo huko Jumapili usiku na nimemwambia aniachie nafasi mbele, kwa hiyo mwenye jibu anipe kabla ya hapo. Wa dawa za mizizi msije PM.