Wauguzi wapya ICU ya watoto: dawa za hatari tuwafundisheje?

Msimamizi_Zamu: Wadau, naandaa mafunzo ya wauguzi wapya: adrenalini, potasiamu, insulini. Hesabu za karatasini wanafaulu vizuri. Kitandani makosa bado yanapita, tena fomu zina sahihi mbili, ya aliyeandaa dawa na ya mkaguzi. Nianzie wapi?

Koki_Tatu: Anzia kwenye hizo sahihi. Mtu akionyeshwa sirinji na kuulizwa "2.4, si ndiyo?" atajibu ndiyo. Mkaguzi apewe agizo, uzito na ampuli (kichupa cha dawa) tu, apige hesabu yake pembeni, ndipo walinganishe.

Mfano: mtoto wa kilo 8, adrenalini mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika. Sirinji ina miligramu 1 ndani ya mililita 50, yaani mikrogramu 20 kwa mililita. 0.1 × 8 × 60 ÷ 20 = mililita 2.4 kwa saa. Nukta ikiteleza inakuwa 24, na pampu inayosukuma sirinji, isipowekewa kikomo, itatii tu. Kwa hiyo iandikwe 0.5, si .5; na 5, kamwe si 5.0.

Mtu_wa_Dripu: Kuchanganya nako kufundishwe kwa mikono. Potasiamu kloraidi ya asilimia 15 ina milimoli 2 kwa mililita. Ukiidunga kwenye mfuko wa dripu ulioning'inia inatuama chini, karibu na mrija, na mtoto anaanza kupokea ile kali. Moyo unaweza kusimama. Ushushe mfuko, dunga, geuza juu chini mara 10, bandika lebo, ndipo utundike. Ampuli zake zisikae rafu moja na maji ya kuchanganyia dawa (bado naona watu wanaziweka pamoja, sijui kwa nini).

Msimamizi_Zamu: Asanteni sana. Na kubadilisha sirinji ya adrenalini? Hapo ndipo presha inaruka.

Koki_Tatu: Funga koki upande wa mtoto kabla hujaichomoa sirinji kwenye pampu. Ikiwa wazi na umeiinua, dawa inajimiminia yenyewe. Mpya ikishakaa, isukume kwa pampu hadi tone litoke kwenye mrija ambao haujaunganishwa na mtoto. Bila hivyo, kwa mililita 1 kwa saa, pampu itakula dakika kadhaa ikikaza kisukumio cha sirinji tu na presha itashuka. Wazoeze kwa pampu halisi yenye maji, alamu zikilia.

Insulini: sirinji yake maalumu tu, na "uniti" iandikwe kwa kirefu. U ya harakaharaka husomeka sifuri, 4 ikawa 40.