Miungu ya Arda: tuipange kwa nguvu, kwa cheo au kwa asili?

Swali

Ndugu wasomaji, ninaandaa mchoro wa ngazi za miungu na roho za Arda, ulimwengu uliobuniwa na J.R.R. Tolkien, nami nimekwama katikati. Juu kabisa nimemweka Eru Ilúvatar, ambaye hana mshindani, kwa kuwa Moto Usiozimika u kwake peke yake. Hata Aulë, mmoja wa miungu walio chini ya Ilúvatar, alipowaumba kwa siri mababu saba wa Khazâd, yaani mbilikimo, hakuweza kuwapa hiari yao mpaka Ilúvatar mwenyewe alipowakubali. Chini ya Ilúvatar wapo Valar 14, yaani roho kuu zinazoitawala Arda, kisha Maiar, roho wasaidizi wao (mmoja huitwa Vala au Maia). Ugumu umo ndani ya Valar. Tulkas ndiye aliyembwaga Melkor, roho kuu iliyoasi, kwa mieleka na kumfunga kwa mnyororo wa Angainor, kwa hiyo ningependa kumpa nafasi ya pili baada ya Manwë, mfalme wa Valar. Hata hivyo, kila orodha ninayoisoma humweka chini ya Nienna, ambaye kazi yake ni kuomboleza. Mantiki yake ni nini? Na Melkor, ambaye hapo mwanzo aliwazidi wote kwa nguvu, nimweke wapi?

Jibu la kwanza

Ndugu, mantiki ipo, na imo katika Valaquenta, sehemu fupi iliyo mwanzoni mwa Silmarillion, kitabu kilichochapishwa mwaka 1977 baada ya mwandishi kufariki. Humo Valar hawamo katika orodha moja bali mbili: mabwana saba, kuanzia Manwë hadi Tulkas, na malkia saba, kuanzia Varda hadi Nessa. Baada ya hapo wanatajwa wanane waitwao Aratar, ambao ni Manwë, Varda, Ulmo, Yavanna, Aulë, Mandos, Nienna na Oromë. Manwë ni mfalme wao, lakini kwa adhama wote wanane ni sawa, na hakuna mwingine yeyote, awe Vala au Maia, anayewakaribia. Tulkas hayumo. Hata Irmo, ndugu wa Mandos na Nienna, hayumo, kwa hiyo undugu nao haumpandishi mtu daraja.

Ukimpandisha Tulkas kwa sababu ya misuli yake, unatumia kipimo ambacho masimulizi yenyewe hayakitumii. Tulkas alikuja Arda akiwa wa mwisho, ili kuwasaidia wenzake katika vita vya kwanza dhidi ya Melkor. Ni rafiki shupavu, lakini hajishughulishi sana na yaliyopita wala yajayo, na kwa ushauri hafai. Nienna huwaendea wanaongoja katika kumbi za Mandos, mlinzi wa roho za waliokufa, akawatia nguvu rohoni na kuugeuza uchungu wao kuwa hekima. Miongoni mwa waliojifunza kwake ni Maia aitwaye Olórin, ambaye baadaye alijulikana kama mchawi Gandalf, na alichojifunza kwake ni huruma na subira. Huruma hiyo ndiyo iliyomfanya amwonye Frodo, aliyebeba Pete ya Sauron ili ikaangamizwe, asiwe mwepesi wa kumtakia kifo Gollum, aliyewahi kuimiliki Pete hiyo, na bila Gollum Pete isingetumbukia motoni. Mimi naona hapo ndipo thamani ya Nienna inapoonekana waziwazi: chozi lake lilifika mahali ambapo mieleka ya Tulkas isingefika kamwe.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, nami niongeze kuhusu Melkor. Tafadhali usimpe nafasi moja tu. Aratar walikuwa tisa, naye ndiye aliyeondolewa. Jina lake halihesabiwi tena miongoni mwa Valar, kwa hiyo kwa cheo hana nafasi kabisa, ingawa kwa asili ni ndugu wa Manwë katika fikra za Ilúvatar.

Kuhusu nguvu, jambo la kuzingatia ni kwamba katika Arda nguvu hutumika ikapungua. Melkor alimwaga uwezo wake katika ardhi, katika viumbe na katika watumishi wake, kiasi kwamba alipotoka kupigana na Fingolfin, mfalme wa Elfu (jamii ya viumbe wasiozeeka), alijeruhiwa mara saba, na tangu siku hiyo akawa anachechemea. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1993, Tolkien anasema kwamba Sauron, Maia aliyemtumikia Melkor, katika Enzi ya Pili alikuwa, kwa hakika, na nguvu kuliko bwana wake alivyokuwa mwishoni mwa Enzi ya Kwanza. Mchoro usioonyesha enzi utakudanganya hapo, kwa sababu utamweka Maia chini ya Vala katika kipindi ambacho hali ilikuwa imegeuka.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nitaongeza safu ya enzi. Bado nina Eönwë na Ungoliant, yule buibui mkubwa wa giza, ambao hawakai popote vizuri.

Jibu la tatu

Eönwë atakaa vizuri ukitenganisha asili na cheo. Maiar ni wa jamii ileile ya Valar, ila kwa kiwango cha chini. Kwa asili, basi, mpaka mkubwa ni mmoja tu, ule ulio kati ya Ilúvatar na Ainur wote, yaani Valar na Maiar kwa pamoja. Mengine ni mamlaka. Eönwë ni Maia, naye kwa silaha hakuna anayemshinda katika Arda, tena ndiye aliyeongoza jeshi la Valinor, nchi ya Valar, katika vita vya mwisho dhidi ya Melkor. Lakini Sauron alipokuja kwake kuomba msamaha, Eönwë hakuwa na mamlaka ya kumsamehe mtu wa daraja lake mwenyewe, akamwagiza arudi Valinor kuhukumiwa na Manwë. Sauron hakwenda. Tukio hilo moja linakuonyesha umbali uliopo kati ya nguvu na cheo.

Kuhusu Ungoliant, nisingemwandika kuwa Maia kwa uhakika. Elfu hawakujua alikotoka. Wapo waliosema kwamba alishuka kutoka katika giza lililoizunguka Arda, na kwamba hapo zamani alikuwa mmoja wa waliopotoshwa na Melkor. Tunalolijua ni kwamba baada ya kuinyonya ile Miti Miwili iliyoiangaza Valinor alivimba hata Melkor akamwogopa, na huko Lammoth ikabidi Balrog, mapepo ya moto yaliyomtumikia Melkor, waje na mijeledi ya moto kumwokoa bwana wao. Mwache nje ya ngazi, kisha mchoree mstari wa nukta unaoelekea kwa Melkor.