Kizingiti cha asilimia: kura za vyama vilivyokwama chini huenda wapi?

kura_moja: Wakuu, naomba ufafanuzi. Uwakilishi wa uwiano maana yake viti vifuate kura. Sasa inakuwaje Uturuki mwaka 2002 chama cha AKP wapate 34% ya kura, halafu waondoke na viti 363 kati ya 550? Walipewa kura za wengine?

mgao_wa_viti: Hakupewa mtu, mkuu. Zinaondolewa kwenye hesabu. Kizingiti, yaani kiwango cha chini cha kura ili chama kipate viti, kilikuwa 10% ya nchi nzima, na vyama vilivyovuka ni viwili tu: AKP 34.28 na CHP 19.39. Chama cha DYP walikwama kwenye 9.54. Jumlisha waliovuka, unapata 53.67. Gawa 34.28 kwa 53.67: karibu 64%. Viti 9 vilikwenda kwa wagombea binafsi, vikabaki 541. 64% yake ni kama 345. Vile vilivyoongezeka hadi 363 vimetokana na kugawa viti mkoa kwa mkoa kwa njia ya D'Hondt, ambayo humwegemea mkubwa.

Jaribu mwenyewe. Mkoa una viti 5. A ana kura 50,000, B 30,000, C 20,000. Gawa kura za kila chama kwa 1, 2, 3, kisha chagua namba tano kubwa: 50,000, 30,000, 25,000, 20,000, 16,667. A anapata 3, B 1, C 1. Sasa C amekwama kitaifa, mfute. Namba ya tano inakuwa 15,000, ya B. Angalia hapo: kiti cha C kimekwenda kwa B, si kwa A aliye mkubwa. Kinachukuliwa na mwenye namba inayofuata, basi.

mzalendo_wa_mashariki: Ubaya wake unaonekana zaidi Diyarbakır, mkoa wa Wakurdi. Chama chao cha DEHAP walipata zaidi ya nusu ya kura za mkoa ule, lakini kitaifa wakabaki na kama 6%, wakatoka bila kiti hata kimoja. Ndiyo maana mwaka 2007 wanasiasa wa Kikurdi waligombea kama wagombea binafsi, maana kizingiti hakikuwahusu. Dawa hiyo ina sumu yake: kura zikirundikana kwa mgombea mmoja, za ziada hazimsaidii mwenzake, kwa hiyo lazima mpange mapema nani apigiwe wapi. Uturuki wameshusha hadi 7% mwaka 2022, bado ni juu mno kwa maoni yangu.

kura_moja: Shukrani. Na kwetu Tanzania ile 5%?

mgao_wa_viti: Ile ni ya kugawana viti maalum vya wanawake tu: chama kifikishe 5% ya kura halali za ubunge. Majimboni anayeongoza ndiye mbunge, uwiano haupo. Kongo (DRC) ndiko kwenye kizingiti hasa, 1% ya nchi nzima tangu sheria ya 2017, na ndiyo sababu vyama vidogo hujikusanya kwenye miungano kabla ya kupeleka orodha za wagombea.

mzalendo_wa_mashariki: Kukusanyika kabla ndiyo nukta yenyewe. Israeli, Novemba 2022, kizingiti 3.25%: chama cha mrengo wa kushoto Meretz 3.16, chama cha Waarabu Balad kama 2.9, wote nje. Balad walikuwa wamejitenga na vyama vingine vya Waarabu waliokuwa nao kwenye orodha moja. Kambi ya Netanyahu ikapata viti 64 kati ya 120 ikiwa na chini ya nusu ya kura. Orodha zikishafungwa, hakuna kuunganisha tena.