Tupeane uzoefu: "Something in the Way" ya Nirvana ilikukuta wapi?

Wakuu, habari za saa hizi. Leo naomba tuongelee ngoma moja tu ya hii bendi ya rock ya Marekani, ile ya mwisho kwenye albamu ya Nevermind iliyotoka Septemba 1991. Haikuwahi kutolewa singo, watu wengi tulikuwa tunaishia zile za mbele zenye kelele.

Mimi ilinikuta Tanga mwaka 2003. Mtoto wa mjomba alirudi kutoka Mombasa na sidii ya kuchoma, juu imeandikwa kwa maka peni "rock 4", nikawa naisikiliza usiku kwa redio ya bibi pale sebuleni, sauti chini kabisa. Ilipofika hii ngoma, mwimbaji wao Kurt Cobain anaimba kama mtu anayeongea na nafsi yake, nikapitiwa na usingizi. Sidii ikaendelea kuzunguka kimya kama dakika kumi hivi halafu ghafla magita na dramu vikalipuka, nyumba nzima macho, bibi anamtaja Mungu. Kumbe mle ndani kuna wimbo umefichwa, Endless, Nameless, na kopi za mwanzo mwanzo ziliuzwa bila huo wimbo kwa sababu ulisahaulika wakati wa kuandaa albamu.

Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu yule wa kabla ya kelele alikuwa analia nini, nikamweleza anasema yuko chini ya daraja, turubai linavuja, anakula samaki. Akakaa kidogo akasema, "Kwani huyo hana kwao?" Hilo swali sijawahi kulisahau hadi leo. Haya karibuni, kila mtu na yake.

Mdau wa Arusha: Mkuu umenigusa pabaya. Mimi napiga gita kanisani, nikasema hii ni kodi (chords) mbili tu za gita, naimaliza jioni moja. Wiki nzima nahangaika, kila nikipiga pamoja na rekodi nasikia haikai, nikadhani sikio langu limeharibika. Baadaye ndio nikajua walivyorekodi, Sound City kule Van Nuys, California, 1991. Walijaribu na bendi nzima ikagoma, Cobain akaingia kwenye chumba cha prodyuza Butch Vig akajilaza kwenye kochi na gita bovu lenye nyuzi tano, halijatuniwa, akaanza kuonyesha anavyotaka isikike, yaani ananong'ona kabisa. Vig akazima kiyoyozi, akachomoa simu, akaweka maiki akamrekodi hapo hapo kwenye kochi. Sasa kazi ikawa kwa wenzake, maana besi ya Krist Novoselic na dramu za Dave Grohl ziliwekwa baadaye juu ya gita ambalo haliko kwenye tuni yoyote ya kawaida, na Grohl ambaye mnajua anavyopiga kwa nguvu ikabidi apige kama anaogopa kuamsha mtoto. Hata Kirk Canning aliyepiga chelo, lile kama fidla kubwa, alipata shida kuifuatisha. Nilivyojua hivyo nikalegeza nyuzi zangu kwa sikio tu bila mashine, ikakaa. Nilitokwa na machozi wakuu, sisemi uongo.

Dada wa Tacoma: Mimi ni Mkenya, niko huku jimbo la Washington nafanya kazi ya kutunza wazee, shifti za usiku. Kuna asubuhi moja nimetoka kazini sikutaka kurudi nyumbani, nikaendesha hadi Aberdeen, mji aliozaliwa Cobain 1967. Mnaingia tu mnakuta kibao cha kukaribisha wageni kimeandikwa Come As You Are, jina la wimbo wao mwingine. Hilo daraja linaitwa Young Street, liko juu ya mto Wishkah, ni dogo jamani, halina makuu yoyote. Nilishuka hadi chini. Kuta zimejaa maandishi ya watu waliotoka nchi mbalimbali, na chini ni tope tupu, viatu vyangu vya kazi vilizama. Ndio nikaelewa kwa nini Novoselic alisema Kurt alikuwa anashinda pale lakini kuishi haiwezekani, maji yanapanda na kushuka.

Mwanzisha mada: Dada asante sana. Sisi wa pwani hilo halihitaji maelezo, maji yakijaa na kupwa mahali, hapo hulali. Ila simwoni Kurt kama alidanganya. Mwenyewe alishasema ilikuwa ni kujifikiria tu angekuwa mtu wa chini ya daraja, anaumwa na anakufa.

Mdau wa Mwanza: Mimi ni wa juzi juzi, niliijua kwa filamu ya The Batman 2022. Mwongozaji Matt Reeves alikuwa anaisikiliza wakati anaandika, na baada ya filamu ndio kwa mara ya kwanza ikaingia Billboard Hot 100, ile chati ya nyimbo ya Marekani, miaka thelathini baada ya kutoka. Mwaka huo huo nilitolewa geto kwa kodi, nikawa nalala hospitali, sehemu ya kusubiria, najifanya ndugu wa mgonjwa. Siku nasoma kitabu cha Charles Cross cha maisha ya Cobain nakuta Cobain naye alikuwa analala kwenye chumba cha kusubiria cha hospitali aliyozaliwa, nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Mimi kulikuwa na mlinzi mzee, alijua kabisa sina mgonjwa. Usiku wa manane ananiletea uji kwenye kikombe cha bati, hasemi neno, anaweka kwenye benchi anaondoka, mimi nina spika moja sikioni, hiyo ngoma inajirudia.

Mwanzisha mada: Pole sana mdogo wangu. Ulimrudia huyo mzee?

Mdau wa Mwanza: Nilienda nilipopata kazi, nimebeba sukari kilo mbili na unga. Wakaniambia alishastaafu, karudi kwao Ukerewe. Kikombe chake ninacho.