Kujifunza kuteleza kwa ubao wa theluji: mteremko mkavu, ukumbi wa theluji au mlima wenyewe?

Mwanzo_Mpya

Habari za leo, wanajukwaa. Ninakusudia kujifunza kuteleza kwa ubao wa theluji, na msimu ujao nitapanda mlimani kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo ninazo njia tatu: mteremko mkavu uliotandikwa brashi za plastiki, ukumbi wa ndani wenye theluji inayotengenezwa kwa mashine, au kusubiri nikaanzie mlimani huko huko. Maoni niliyosoma yanapingana sana. Wapo wanaodai kwamba plastiki humzoesha mtu mambo ambayo theluji itamlazimu kuyaacha, na wapo wanaosema kwamba aliyejifunza kwenye brashi hatishwi na theluji ya aina yoyote. Ningeomba wenye uzoefu wanilinganishie njia hizi kwa upande wa ufundi, usalama na uchakavu wa vifaa. Nimevuka umri wa miaka 40, kwa hiyo suala la kuanguka silichukulii kwa wepesi.

Mwalimu_wa_Mteremko

Ndugu Mwanzo_Mpya, karibu. Nimefundisha kwenye brashi na kwenye theluji, na ushauri wangu ni kwamba uanze kwenye mteremko mkavu, ila ujue hasa unakwenda kuchukua nini pale na nini hutakipata.

Karibu tofauti zote zinatokana na msuguano. Theluji hulainika chini ya ubao na kuuachia upite; plastiki hailainiki, na ndiyo maana miteremko mingi mikavu ina mabomba ya kunyunyiza maji ili ubao upate utelezi. Hata ikilowa, bado ina msuguano mkubwa kuliko theluji. Kwa anayeanza hilo ni jambo jema, kwa sababu ubao haumkimbii. Anapata nafasi ya kuhisi uzito wake uko juu ya mguu upi, magoti yamekunjwa kiasi gani, na macho yanatazama wapi, badala ya kupambana na mwendo ambao hakuuomba.

Hatua za mwanzo zinafundishika vizuri sana pale: kusukuma kwa mguu mmoja huku mwingine ukiwa umefungwa, kuteleza moja kwa moja kwenye sehemu ya chini, kushuka kiubavu kwa ukingo wa ubao ulio upande wa kisigino, kisha kwa ule wa upande wa vidole, na halafu zoezi la kwenda kushoto na kulia bila kugeuka, kama jani linalodondoka. Mtu akishayamiliki hayo kwa kingo zote mbili, kona ya kwanza huja bila vita.

Usichokipata ni ukataji wa kona kwa ukingo. Kwenye theluji ukingo wa chuma huchimba na kuacha mfereji mwembamba unaoushikilia ubao. Kwenye brashi ukingo unakaa juu ya ncha za nywele za plastiki, na hakuna cha kuchimba. Hapo ndipo penye tabia mbaya uliyoisoma. Mwanafunzi akiona ubao haugeuki kwa urahisi, huanza kuuzungusha kwa nguvu za mguu wa nyuma. Plastiki inamvumilia. Siku akifika kwenye theluji, mkia unampita na ubao unamzunguka. Tiba yake inaanzia kwa mwalimu siku ya kwanza: kona ianzishwe na mguu wa mbele, uzito uhamie mbele kabla ya ubao kuelekea bondeni, goti la mbele lielekee kona ilipo, macho yatangulie. Anayefundishwa hivyo kwenye brashi hana kitu cha kusahau baadaye.

Theluji_Halisi

Ninamheshimu Mwalimu, lakini sikubaliani naye kuhusu mahali pa kuanzia, hasa kwa mtu wa umri wa muulizaji. Ikiwa ukumbi wa theluji unafikika, aanzie huko. Kumbi hizi si jambo geni tena: ukumbi wa Tamworth nchini Uingereza ulifunguliwa mwaka 1994, na ule wa Dubai ukafuata mwaka 2005 ukiwa na mteremko wa takriban mita 400 katikati ya nchi ya joto. Ndani yake hewa hupozwa hadi chini ya nyuzi 0, theluji hupulizwa usiku, na asubuhi mashine huisawazisha. Unachokihisi chini ya miguu ni kile kile utakachokihisi mlimani. Ukingo unashika, ubao unateleza kwa wepesi, na ukianguka unatua juu ya kitu kinachobonyea.

Nakiri kwamba kumbi zina mapungufu yake. Mteremko ni mfupi, foleni ya lifti ni ndefu kuliko mtelezo wenyewe, na kufikia jioni theluji imekwanguliwa hadi sehemu nyingine zimekuwa ngumu na zinang'aa. Tena kuipoza nyumba nzima ni gharama, na gharama hiyo inaishia kwenye tiketi yako. Hata hivyo, saa moja juu ya theluji yenyewe naithamini kuliko saa kadhaa juu ya nyenzo inayoiga theluji.

Mwalimu_wa_Mteremko

Hoja ya gharama ndiyo inayonirudisha kwenye brashi, ndugu yangu. Kujifunza ubao kunahitaji marudio yaliyokaribiana, kwa sababu mwili husahau haraka kile ulichokipata mara moja. Mtu anayeweza kurudi kila wiki kwenye mteremko mkavu atampita yule anayekwenda ukumbini mara moja kwa muda mrefu, hata kama kila saa ya ukumbini ni bora. Akiweza kuyapata yote mawili, aanze kwenye brashi na amalizie ukumbini kabla ya safari ya mlimani. Hapo sina ubishi nawe.

Fundi_Mazulia

Naona mnazungumzia "mteremko mkavu" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali aina ya zulia hubadilisha kabisa ushauri.

Aina ya zamani na iliyoenea sana Uingereza ni Dendix: vipande vya chuma vilivyopandwa nywele fupi ngumu za plastiki, vikaunganishwa kwa maumbo yenye matundu katikati, mithili ya sega la nyuki. Mteremko mkavu wa Hillend, nje kidogo ya Edinburgh, umekuwepo tangu miaka ya 1960, na ni miongoni mwa mirefu zaidi Ulaya. Dendix inadumu na inafaa kwa mafunzo ya msingi, ila haina huruma kwa anayeanguka.

Snowflex ni kizazi kingine. Nywele zake ni fupi na zimesongamana bila matundu, chini yake kuna tabaka laini la kupokea kishindo, na ukungu wa maji hutoka ndani ya zulia lenyewe. Kwa sababu hiyo wanaoruka na kufanya mizunguko huipenda. Chuo Kikuu cha Liberty kilichopo Lynchburg, Virginia, kilifungua mteremko wa aina hii mwaka 2009.

Kisha ipo Neveplast ya Italia, ambayo ina vijiti vya plastiki vilivyopangwa kwa duara na huteleza vizuri hata bila maji mengi. Ndiyo iliyotandikwa juu ya paa la kiwanda cha kuchoma taka na kuzalisha nishati cha Amager Bakke jijini Copenhagen, mteremko uliofunguliwa mwaka 2019. Kwa hiyo, Ndugu Mwanzo_Mpya, swali lako la kwanza kwa wenye mteremko liwe hili: zulia lenu ni la aina gani, na je, maji yananyunyizwa muda wote? Zulia zuri lililokauka ni baya kuliko zulia la kale lililolowa.

Tiba_Viungo

Ninafanya kazi ya kurekebisha viungo baada ya majeraha, na ningependa suala la kuanguka lipewe uzito wake, kwa kuwa muulizaji ameligusa mwenyewe.

Jeraha linalowapata zaidi wanaoanza ubao ni la kifundo cha mkono, iwe kwenye theluji au kwenye plastiki, kwa sababu miguu yote miwili imefungwa na mtu hawezi kupiga hatua ya kujiokoa. Anachofanya ni kunyoosha viganja. Kwenye mazulia yenye matundu huongezeka hatari ya pili, nayo ni kidole gumba kuingia kwenye tundu wakati mwili bado unasonga. Kwa hiyo funga ngumi kila unapoanguka, bila kusubiri kujua utaangukia upande gani. Ukianguka mbele, pokea kishindo kwa vigasha vyote viwili na si kwa viganja. Ukianguka nyuma, jishushe karibu na ardhi, kaa, kisha biringika mgongoni huku kidevu kikigusa kifua ili kisogo kisipige chini.

Mavazi nayo yafuate mahali. Kwenye mteremko mkavu, suruali ndefu, mikono mirefu na glavu ni lazima hata siku ya jua kali, kwani plastiki huchubua na kuunguza ngozi kwa msuguano. Kofia ngumu usiivue. Kinga za vifundo vya mikono zivaliwe chini ya glavu, na suruali ya ndani yenye sponji ya kulinda nyonga na kifandugu ni ununuzi ambao mtu wa umri wetu hataujutia.

Kuhusu kuanzia mlimani moja kwa moja, mimi sishauri. Uchovu wa mwinuko, baridi, umati wa watelezaji wenye kasi na hofu ya mteremko mrefu hukutana siku moja, na mtu aliyechoka ndiye anayeumia.

Mwanzo_Mpya

Nawashukuru sana. Mteremko ulio karibu nami ni wa Dendix, na maji hunyunyizwa. Je, ninunue ubao wangu sasa, au nikodi? Na je, ni kweli kwamba brashi huharibu ubao?

Karakana_ya_Ubao

Ni kweli, na ubao mpya wa bei kubwa usiupeleke pale. Msuguano huzalisha joto, joto huondoa nta haraka sana, na ubao uliokosa nta hukauka, ukapauka na kuchanika nyuzi nyuzi upande wa chini. Kingo nazo huliwa. Kodi ubao wa pale pale. Ukifika wakati wa kununua wako kwa ajili ya brashi, tafuta uliotumika, laini kiasi unapoukunja, usio mrefu mno, kisha upake nta ngumu mara kwa mara. Kingo za mbele na za nyuma kabisa, pale ubao unapoanza kupinda kwenda juu, zipunguzwe makali kidogo kwa tupa, ili zisinase kwenye zulia unapoingia kwenye kona.

Viatu ni habari nyingine. Kama una fedha za kununua kitu kimoja tu, nunua viatu vinavyokukaa sawasawa, vidole vikigusa mbele kwa wepesi na kisigino kisiinuke unapokunja goti. Hivyo utavitumia kwenye brashi, ukumbini na mlimani, na brashi haiviharibu. Kisigino kikicheza ndani ya kiatu, maagizo unayotaka kuyafikisha kwenye ukingo wa vidole hayafiki.

Shabiki_wa_Mashindano

Kwa wanaodhani plastiki ni ya kuchezea tu, yupo Jenny Jones, aliyeanzia kwenye mteremko mkavu wa Churchill huko Somerset. Mwaka 2014 alipata medali ya shaba ya slopestyle, yaani kushuka mteremko wenye vizuizi na miruko, katika Olimpiki ya Sochi, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Uingereza kwenye mchezo wa theluji. Billy Morgan, aliyepata shaba ya kuruka juu kwa ubao (big air) katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, naye alianzia kwenye plastiki, huko Southampton.

Theluji_Halisi

Mifano hiyo siipingi, ila wote wawili walihamia milimani na kukaa huko misimu kwa misimu. Plastiki iliwafungulia mlango. Theluji ndiyo iliyowafikisha kwenye jukwaa la washindi.

Mwalimu_wa_Mteremko

Nakubaliana nawe kwa hilo. Ndugu Mwanzo_Mpya, kwa kuwa Dendix ndiyo iliyo karibu nawe na maji yapo, chukua masomo ya kikundi kidogo pale, tena yaliyokaribiana. Usihamie ukumbini hadi uweze kuunganisha kona za pande zote mbili bila kusimama katikati, na uweze kusimama mahali unapotaka kwa ukingo wowote utakaoambiwa. Ukifika huko, mwombe mwalimu wa ukumbini akutazame mguu wa nyuma kabla ya kukufundisha lolote jipya. Siku ya kwanza mlimani baki kwenye mteremko wa wanaoanza hata kama unajiona umeuzidi, kwa sababu ubao utakwenda kasi kuliko ulivyozoea, na mwili unahitaji muda wa kuikubali kasi hiyo.